Nilivyomfanya Shangazi Mgeni

Shangazi yangu wa Magarini alikuja bila kupiga simu, kama alivyokuja miaka yote. Alibisha hodi alasiri, akatua kiroba cha mihogo mlangoni, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Nimekuja kukutazama," akasema. "Nione kama Wazungu wamekurudisha mzima."

Nilikuwa nimerudi Malindi juzijuzi kutoka Uholanzi. Chuo chetu cha Kilifi kilitupeleka huko wanafunzi wachache, kila mmoja akakaa na familia ya wenyeji. Mimi nilipangiwa kwa mama mmoja mjane. Jioni ya kwanza, hata chai sijaimaliza, aliniuliza nitaondoka lini, na siku zipi nitakula nyumbani. Nilikwenda chumbani nikalia, nikidhani nimemchosha kabla sijafungua sanduku.

Baadaye nilimwelewa. Alitaka kujua anunue viazi vingapi, na akishajua alinipikia kwa moyo mweupe. Katika nyumba ile hakuna aliyehangaika kukisia yaliyo moyoni mwa mwenzake. Niliipenda tabia hiyo, nikarudi nayo nyumbani, nikaanza kumhubiria mama: sisi watu wa Pwani tunazunguka mno, tuseme mambo wazi. Mama alikuwa akipepeta mchele. Alinijibu, "Haya," akaendelea kupepeta.

Shangazi ni dada wa baba, na baba tulishamzika. Tangu nikiwa mdogo, akija hulala chumbani kwangu, kitanda kimoja na mimi, akanisimulia mambo ya Magarini mpaka usingizi unichukue. Safari hii nilikuwa na kazi ya chuo ya kumaliza, na chumba nilikihitaji. Siku ya pili, tumekaa mkekani tunakula ugali na mchicha wa nazi, nikamwuliza kwa sauti nzuri kabisa:

"Shangazi, utakaa mpaka lini? Nataka tu nijipange."

Mkono wake ulikuwa njiani kwenda kinywani. Ukafika, akatafuna taratibu, akameza. Mama akawahi kusema, "Anauliza ili akupikie pilau kabla hujaondoka, wifi yangu. Huyu tangu arudi maneno yamempotea."

Kwa ujinga wangu, sikuushika mkono ule mama aliokuwa akininyooshea. "Si kwa ubaya," nikaongeza. "Ukituambia siku, itakuwa rahisi kwetu sote."

Shangazi akacheka, kicheko chake cha kila siku, hata nikatulia. "Kesho, mwanangu. Mbuzi nimewaacha na jirani, na jirani mwenyewe simwamini."

Asubuhi nilipoamka, shuka alikuwa ameshazikunja na ua ameufagia. Mama alimsindikiza hadi barabarani. Nilitaka kwenda nao, mama akanizuia kwa macho.

Aliporudi hakunigombeza. Alikaa kizingitini, akavua viatu.

"Unajua alikuja kufanya nini?"

"Kunisalimu."

"Jumatatu inayokuja alikuwa na miadi hospitali hapa mjini. Jicho la kulia limeanza kufunga ukungu. Ameniambia njiani sasa hivi, tena baada ya mimi kumshikilia sana. Alikuwa anangoja akae siku mbili tatu, ndipo aseme haja yake. Kwani mtu humwaga shida zake mlangoni?"

"Si angesema tu, mama?"

"Amwambie nani? Wewe umeshamwonyesha njia." Akavisogeza viatu ukutani. "Yule hakuja kwa watu. Alikuja nyumbani kwa kaka yake. Wewe ndiye uliyemfanya mgeni."

Jumamosi nilikwenda Magarini. Nilimkuta uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Sikutaka kuzunguka. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea."

"Umenikosea wapi, wewe mtoto?" Papo hapo akamwita jirani aje amkamatie jogoo. Kila nilipoanza upya, alinikatiza kwa swali: baridi ya kule ikoje, ni kweli mbwa hulala ndani na watu? Kule Uholanzi niliwahi kuusahau mlango wazi usiku kucha. Yule mama aliniambia usoni kwamba amekasirika, nikaomba radhi, tukanywa kahawa, yakaisha. Hapa nililishwa jogoo mzima, na radhi yangu ikakosa pa kutua. Shangazi angeipokea, angekuwa amekiri kwamba aliumia, na hilo hakuwa tayari kunipa.

"Na jicho, shangazi?"

"La uzee hilo."

Ilibidi mama aende mwenyewe kumbembeleza. Mwishowe alikubali, akapata miadi mingine, wakamtoa mtoto wa jicho. Daktari akamtaka abaki Malindi mpaka amtazame tena. Hakuja kwetu. Alikaa kwa rafiki yake wa kanisani, mtaa huohuo wetu, nyuma ya msikiti. Nilimpelekea uji kila asubuhi na kumtia dawa ya matone. Aliinua uso, akafungua jicho kwa vidole vyake, akangoja kwa utulivu. Nikimaliza alinibariki, akamwambia mwenyeji wake kwa fahari, "Huyu ndiye aliyefika Ulaya." Sikuweza kumtazama yule mwenyeji. Nilijua anajiuliza kwa nini mgonjwa hayuko kwa nduguze.

Sasa anaona vizuri, na kwetu bado anakuja. Ila huja asubuhi, na mkoba mdogo usioweza kubeba hata leso ya kubadili. Mama humsihi alale. Mara atasema kesho kuna mazishi kwao, mara tumbili wanamaliza mahindi. Juma lililopita nilimshika mkono mlangoni.

"Kaa, shangazi. Chumba kipo, na kazi ya chuo nilishaimaliza."

"Najua, mwanangu," akasema kwa upole. "Siku nyingine." Akajifunga leso yake vizuri, tukatoka, nikamsindikiza mpaka barabarani.