Damu Yangu Kwenye Chembe za Muthoni

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta shetani wa kumsingizia.

Nilikuwa mwanafunzi Birmingham, miaka ya elfu mbili na kitu, kwenye maabara moja upande wa Edgbaston. Jirani yangu wa meza alikuwa Muthoni, Mkenya, mtani wangu mkubwa. Siku moja alinidanganya kwamba profesa anataka sote tuvae suti. Nikatinga suti na tai peke yangu, wenzangu wote wako na jinzi. Nikaapa nitalipiza.

Muthoni alikuwa akihangaika muda mrefu kuzifanya chembe hai za panya ziote kipokezi cha binadamu, yaani protini ya kupokea ishara, juu ya utando wake. Kujua kama kimeota, tulitia kingamwili iliyotengenezwa kunata kwenye kipokezi hicho cha binadamu tu. Ikinata, mashine inaonyesha mwanga. Kwake mwanga haukuwahi kuonekana, na profesa alishaanza kumwambia abadilishe mada.

Asubuhi moja nilikuwa nimetolewa damu ya kulinganishia vipimo, kama ilivyokuwa desturi yetu pale. Muthoni alipokwenda kunywa chai, nikadondosha chembe nyeupe kidogo za damu yangu kwenye kichupa chake; hizo, kwa kuwa za binadamu, zina kipokezi kile tangu asili. Nikarudi mezani kwangu kama sijui kitu, na moyoni nacheka. Muthoni akarudi, akapima, akapiga kelele mbele ya mashine:

"Wee, kuja uone! Imeshika! Niambie siko kwa ndoto."

Nilipanga nimcheke kidogo halafu nimwambie. Lakini alikuwa analia. Nikajibu, "Hongera, dada." Mjinga mimi.

Jumapili akanialika kanisani kwao, mtaa wa Nechells, mimi Mwislamu wa Unguja. "Kuja tu ukule, hakuna mtu atakubatiza," akasema. Kabla ya chakula akasimama kutoa ushuhuda. Akamshukuru Mungu, mbele ya watu wote, kwa chembe za panya. Akina mama wakapiga vigelegele. Hamu ya chapati ikanitoka kabisa.

Nikamvuta nje, nikamwambia. Nilitamani anizabe kofi. Badala yake akauliza taratibu, "Na Prof nilishamwambia. Sasa nitamshow nini kesho?"

Kesho yake nikatangulia kwa profesa, nikasema yote. Alinitoa kwenye utafiti wake siku ile ile. Nilimaliza shahada kwa msimamizi mwingine, mwaka mzima nyuma ya wenzangu. Hilo nilistahili, wala silalamiki.

Jumapili iliyofuata nilirudi kanisani bila kualikwa, nikakaa nyuma. Muthoni akasimama tena mbele ya watu wale wale. Akasema alishukuru mapema, ule mwanga ulikuwa kosa la maabara, waendelee kumwombea. Jina langu hakulitaja. Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele.

Nyie mnaopenda utani, tanianeni. Ila mtu akianza kulia kwa furaha, mwambieni ukweli kabla hajafuta machozi. Tuliendelea kufanya kazi jengo moja mpaka yeye akahitimu, tukisalimiana vizuri kila asubuhi, na Muthoni hakunitania tena hata mara moja.