Waya wa Kahawia

Risiva iliyoungua bado ninayo. Inakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwenye meza yangu ya kutengenezea simu hapa Busia. Mwaka mzima, kila nilipofungua kopo kutafuta skrubu, niliiona, nikamkumbuka mume wa dada yangu, na moyo ukachemka upya. Watu husema kusahau ni dawa. Mimi sikutaka kupona.

Ndege ndogo ya rimoti niliiunda mwenyewe kwa maboksi meupe ya povu yanayotumika kuleta samaki sokoni. Niliyaosha kwa sabuni mara tatu na bado yalinuka mbuta. Mwalimu mkuu wa shule moja ya Matayos, mama mcheshi, alinialika niirushe siku ya wazazi. Nikaenda na mama yangu, kwa sababu moja tu: hakuwahi kuamini kwamba kufungua simu za watu ni kazi. Nilitaka aone kitu nilichokiunganisha kwa mikono yangu kikiruka, hata mara moja.

Njiani pikipiki iliingia shimo, waya wa betri ukakatika kwenye risiva. Risiva ni kijisanduku kama kiberiti; ndicho kinachopokea amri za rimoti na kuzigawa kwa mota za mabawa na mkia. Plagi yake ina nyaya tatu: kahawia, nyekundu na ya machungwa. Nilikuwa nafunga bawa kwa mipira shemeji, ambaye mtoto wake anasoma hapo, aliponipokonya plagi mbele ya wageni. Yeye huweka stima kwenye nyumba za watu kule Mundika, na ukoo mzima humwita injinia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Shemeji, ya machungwa ni ya amri tu, iache," nilimwambia. "Na hizo zingine mbili ngoja..."

"Brauni ndiyo iko na moto," akanikata. "Hiyo hata mtoto anajua."

Kwenye ukuta wa nyumba ni kweli. Kwenye risiva kahawia ni hasi, nyekundu ndiyo chanya. Akasokota nyaya, akazungusha selotepu, akachomeka. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi.

"Ni feki ya ng'ambo," akawatangazia watu, kidole kikielekea Uganda. "Na nyinyi wasichana, mambo ya waya achaneni nayo."

Walicheka. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini mama alikuwa ameketi palepale, na kwetu mkwe haaibishwi mbele ya mama mkwe wake. Nikalimeza. Jioni mama akaniambia, "Si ungemwachia tangu mwanzo? Yeye anajua stima." Hilo ndilo lililonichoma kuliko moshi wote.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alinialika tena, na tena nikamwomba mama twende. Risiva mpya niliiunganisha nyumbani polepole: plagi ya mabawa kwanza, ya mkia, ya mota ya mbele, ya usukani, kila moja waya wa kahawia ukitazama nje. Niligusa rimoti, kila kitu kikaitika. Kisha nikatia mfukoni betri ya akiba, plagi tupu, mita, na ile risiva iliyokufa. Mila ilikuwa imenifunga mdomo mimi. Mita ya kupimia umeme haikuwa na mama mkwe.

Uwanjani nilimwendea shemeji kwa adabu zote, nikainama kidogo. "Shemeji, wewe ndiye injinia. Hebu unganisha betri na plagi hii, wanafunzi waone." Upande wa chanya wa betri nilikuwa nimeupaka rangi nyekundu ya kucha, asije akasingizia kukosea. Akaweka kofia vizuri, akasokota. Chanya kwenye kahawia, vilevile.

"Kabla hatujachomeka kwa risiva," nikasema, "mwalimu atusomee mita."

Nikaweka sindano za mita kwenye plagi: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa kahawia, kama risiva inavyotaka umeme. Mwalimu mkuu akavaa miwani. "Hasi sita," akasoma, akaangalia tena. "Iko hasi, umeme umegeuzwa. Kwani si hivi ndivyo ile ya mwaka jana iliungua?"

Niliitoa ile risiva mfukoni nikaiweka kiganjani mwa mwalimu, mbele ya wote. Wanafunzi wakaanza kucheka, wazazi wakafuata, na kicheko kilikuwa kirefu kuliko kile walichonicheka mimi. Shemeji alisema mita imeharibika, kisha akasema jua ni kali. Nilifurahi. Sitadanganya.

Nikainua ndege, nikaisukuma. Ilipanda juu ya paa la madarasa, ikageuka pale nilipoiambia igeuke, watu wakapiga makofi. Nikageuka kumtafuta mama. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amejifunika leso kichwani akielekea langoni, ameupa uwanja mgongo, kama mama mkwe yeyote mwenye heshima zake asiyetaka kuona mkwewe akivuliwa nguo. Ndege ilipita juu ya kichwa chake. Hakuinua uso.

Jioni nilimkuta jikoni anachambua mrenda. Nikaketi, nikamsaidia mpaka jani la mwisho.

"Nilisikia kelele," akasema. "Kwani iliruka?"

"Iliruka, mama."

Akaniambia nimpe chumvi.