Karoti za Wabiwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau na sidhani nitaisahau. Juzi ulikuja hapa ukaniambia mke wako hajashika mimba, na kwenu wameanza kusema arudishwe kwao. Sikukujibu siku ile. Sipendi tu kumjibu mtu ambaye bado ana hasira. Leo naona umetulia, basi sikiliza.

Ulikuwa wakati wa Zaire, chama kimoja, Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima, wakubwa kwa wadogo tunafyeka njia tukiimba. Mimi kijana, nabeba mizigo bandarini. Nilikuwa nimemwoa Wabiwa, binti kutoka sehemu za Kama, tukakaa Mikelenge, mtaa wa Kindu, katika kiwanja cha mama yangu. Wabiwa alikuwa akimfulia nguo mke wa Mgiriki mmoja mwenye duka. Maduka ya wageni yalipochukuliwa na serikali, yule mama akafunga masanduku yake, akamwachia Wabiwa pakiti ya mbegu za karoti. Juu ya pakiti kulikuwa na picha: karoti nyekundu, njano, nyeupe, na moja ya rangi ya biringanya. Sisi Kindu tulijua karoti ya aina moja tu, ile ya rangi ya chungwa, nayo hutufikia kutoka mbali ikiwa imeshanyauka. Watu walicheka, wakauliza kama ni karoti kweli. "Hii njo karoti ama njo dawa?"

Wabiwa aliwaacha wacheke. Alichimba nyuma ya jiko mpaka udongo ukawa laini kama unga, akatoa mizizi yote, akamwaga mbegu kwa mistari, akazifunika na majani ya mchikichi jua lisizichome. Miche ilipotoka imesongamana akaipunguza, iliyobaki ikapata nafasi. Kila asubuhi alimwagilia kwanza, ndipo aende mtoni kufua.

Sasa, mbegu zile zilikuwa zimechanganywa. Majani yote yanafanana, huwezi kujua ipi nyekundu ipi nyeupe mpaka uing'oe. Na sisi watu wa nyumba ile, loo, subira hatukuwa nayo! Mama akipita kuchukua kuni anavuta moja, anaitazama, "Kumbe hii nyeupe!", anairudisha shimoni na kuukanyaga udongo. Nikienda kazini na mimi navuta yangu. Majirani nao hawakubaki nyuma. Tulibishana kabisa, huyu anasema njano, yule anasema nyekundu, na karoti yenyewe bado ni kidole cha mtoto. Tulizoea lengalenga, mboga ambayo ukiing'oa na kuipanda pengine inashika bila taabu. Tukadhani na karoti njo vile.

Hazikushika. Majani yakaanza kulala, na ukichimba unakuta uozo mtupu. Maskini Wabiwa akazidi kumwagilia asijue kitu, maana tulikuwa tukichungulia yeye akiwa mtoni. Mwaka wa pili wa ndoa yetu ulikuwa unakwisha bila mimba, na hapo ndipo Mama alipopata la kusema.

"Munaona? Hata udongo unamukataa. Mukono wake hauzalishi kitu."

Aliyasema hayo huku anajua vidole vyake vilipita wapi. Sijui kama alikuwa amesahau ama alijisahaulisha. Mtu hapungukiwi na njia za kutojiona. Nami nilisikia, nikaenda zangu bandarini.

Basi Ijumaa moja, baada ya swala, wazee wakaitwa kukata shauri la Wabiwa. Kaka yake Wabiwa alikuwa ameshafika kutoka Kama kumchukua, na vitu vyake vimefungwa katika kitenge pale mlangoni. Neno la mwisho lilikuwa la Baba mukubwa Ramazani, kaka yake marehemu baba yangu, mzee mkali asiyependa maneno mengi. Mama akamwongoza moja kwa moja mpaka bustanini.

"Jionee mwenyewe, shemeji. Ngoja ngoja yaumiza tumbo."

"Tumbo la nani?" akauliza Baba mukubwa. "Lako ama lake?"

Akachuchumaa. Akavuta karoti moja iliyolala, ikatoka bila kushikilia chochote. Akavuta nyingine, vilevile. Kisha akainuka, akaenda mwisho wa bustani, ambako mstari mmoja ulipita chini ya mlimao wenye miiba. Huko hakuna aliyekuwa amefika, nani anataka kuchanwa? Mzee akaingiza mkono katikati ya miiba. Ikatoka nyekundu, ndefu, nene. Ikafuata ya njano, kisha ile ya rangi ya biringanya. Akazilaza chini mbele ya watu wote.

"Mukono ni ule ule, maji ni yale yale," akasema. "Hizi zingine nani alizing'oa?"

Mama akatazama paa la jiko. Wabiwa alisimama karibu na kitenge chake, macho kwenye zile karoti tatu. Kusema ni kumwaibisha mama yangu mbele ya wakwe. Kunyamaza ni kumwacha mke wangu aende zake akibeba kosa letu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

"Mimi, Baba mukubwa. Nilitaka kuona rangi. Sisi wote tuling'oa."

Mzee hakupiga kelele. "Na yeye mumemufanya vile vile. Kila mwezi munamuchungulia tumbo, kisha munasema udongo ni mubaya. Fungueni ule muzigo." Akapangusa mikono, akaenda zake, hata chakula hakungoja.

Watu wakisikia habari hii hupenda iishe kwa kilio cha mtoto mchanga. Haikuisha hivyo. Mtoto hakuja mwaka ule, wala hakuja baadaye. Nilikaa na Wabiwa. Mama alikasirika nami siku nyingi, halafu akapoa, maana hasira nayo huchoka. Alipozeeka na macho yakapofuka, aliyemlisha na kumwogesha ni Wabiwa, na hakutaka mkono wa mtu mwingine.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Ulichokipanda, kitunze, na mkono wako uondoe. Nyumbani kwako kikioza kitu, kabla hujamtafuta wa kumlaumu, uliza kwanza wewe na watu wako mmefanya nini. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mke usimweke kwa ajili ya mtoto ambaye hajaja. Mweke kwa ajili yake mwenyewe. Wakikupigia kelele, waambie ni mimi niliyesema.

Mungu akupe kifua cha kuwajibu wakubwa wako bila kuwavunjia heshima. Akikujalia mtoto, akupe na nguvu za kumlea. Asipokujalia, akupe mtu wa kuzeeka naye, kama alivyonipa mimi. Amina.