Shingo ya Jogoo wa Posa

Asubuhi ile nilipofungua banda la kuku nilidhani nyoka ameingia. Jogoo wetu mwekundu, yule mwenye manyoya marefu ya shingoni ambaye wapita njia walisimama kumtazama, alitoka kwa madaha yake yote, lakini shingo ilikuwa tupu. Tupu kabisa, ina vipele, kama ya kuku aliyekwisha kupita kwenye maji ya moto. Nilipiga yowe. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwona, akakaa chini pale pale kwenye umande.

Jogoo huyo hakuwa kitoweo cha kawaida. Wakwe zangu watarajiwa walikuwa wanakuja siku hiyo kupokea jibu la posa, na mimi nilikuwa nimefunga kibanda changu cha cherehani Mlabani nikaja nyumbani Mofu kwa ajili hiyo. Walipokuja mara ya kwanza, baba aliwaonyesha jogoo huyo, kama tunavyofanya kwetu: mgeni huonyeshwa mboga yake ingali hai, ajue hatalishwa kibudu. Mama mkwe alimpapasa manyoya, akasema, huyu ndiye tutakayemla tukirudi. Jogoo akishaonyeshwa hivyo habadilishwi. Ukileta mwingine wataulizia wa kwanza.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki.

"Shikamoo baba. Jogoo kafanywa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hajafanywa kitu. Nimempa mgeni manyoya."

Mgeni mwenyewe alikuwa mzungu mmoja mzee, aliyefikia kwenye kambi ya mahema iliyo juu ya mto. Baba, mtu wa nyavu na migono maisha yake yote, alikuwa amepata kibarua cha kuwapigia kasia wageni wa pale. Hao huvua kwa fimbo nyembamba na ndoano isiyo na chambo. Narudia, haina chambo. Si mnyoo, si dagaa, si kipande cha sabuni. Ndoano inafungwa manyoya kwa uzi, inarushwa juu ya maji, inavutwa, na samaki anadhani ni kitu chenye uhai. Mzee yule, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, alimweleza baba kuwa zamani kwao walisuka mishipi kwa nywele za mkia wa farasi, baadaye kwa hariri, na fimbo walizitengeneza kwa mwanzi kabla ya hizi za kiwandani. Yeye alianza utotoni na samaki wa ziwani mwenye mdomo mpana, anaitwa besi, ambaye ukimpitishia nyoya la shingo ya jogoo hajiwezi.

"Kumbe na wao walianza na mwanzi," baba alituambia, kana kwamba hiyo ndiyo habari.

Tatizo ni kwamba samaki wa mto wetu si besi. Yule mwenye meno yaliyotokeza nje ya mdomo, ambaye wageni wanamwita taiga, alimmalizia mzee ndoano zake za manyoya kwa kuzikata, akaambulia samaki mmoja tu. Jioni ya jana yake akapita kwetu, akamwona jogoo akiingia bandani, akamsifu. Na mtu akikisifia kitu chako, baba alisema, unamnyimaje?

"Na samaki aliyempata yuko wapi?" mama aliuliza.

"Alimpiga picha, akamrudisha mtoni."

"Mzima?"

"Mzima. Mimi ndiye niliyemshika mkia mpaka akapata nguvu za kuogelea."

Mama alimnyooshea baba mwiko. Mumewe, aliyetulea kwa samaki, alikuwa amemsaidia samaki kutoroka! Mimi nililia. Nilimpenda yule kijana aliyeniposa, na nilijua mama yake anavyoogopa mambo ya giza, ya uchawi.

Wakwe walifika wamependeza. Tuliamkiana, tukaulizana habari za mashamba, kisha baba akamleta jogoo, maana hakuwa na namna. Mama mkwe alinyoosha mkono, akaurudisha haraka.

"Ana kideri huyu?" baba mkwe aliuliza.

"Hana. Manyoya nimempa mzungu, anavulia samaki."

Halafu mama mkwe akasema kile nilichokuwa nakiogopa tangu asubuhi.

"Manyoya ya jogoo wa posa! Mmeyapeleka kwa mganga gani?"

Alikwisha kujifunga kanga na kuchukua mkoba. Mumewe, mvuvi wa upande wa pili wa mto, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee mwenzangu, nimevua tangu sijaota ndevu. Samaki hali manyoya."

Baba aliingia ndani, akatoka na ndoano moja. Mgeni alikuwa ameifunga mbele yake, kwa manyoya yale yale mekundu, akamwachia kama shukrani. Baba akaifunga kwenye mshipi wa nailoni, mshipi kwenye mwanzi. "Twendeni mtoni," alisema.

Tulikwenda wote na nguo zetu za posa. Mara ya kwanza ndoano ilinasa kwenye matete. Mara ya pili ilinasa kwenye kofia ya baba mwenyewe. Mama mkwe aliguna. Mimi nilikuwa namwomba Bikira Maria, tena kwa ajili ya samaki, sala ambayo sikuwahi kuisali.

Maji yalipasuka. Samaki aliruka juu mzima mzima, tukayaona meno, tukayaona manyoya mekundu yakining'inia pembeni mwa mdomo wake. Mwanzi ulipinda, kisha ukanyooka. Baba hakuwa na ule waya ambao wageni hufunga mbele ya ndoano, na meno yale yalikuwa yameukata mshipi. Samaki kaenda na ndoano yake.

Baba mkwe alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, na viatu vyake na suruali ya suti, anapiga kelele. "Nimemwona! Mama yangu, nimemwona!"

Mama mkwe aliuweka mkoba chini taratibu. Tuliporudi nyumbani mama alichukua kisu amchinje jogoo, lakini baba mkwe akamzuia kwa mikono miwili. Huyo asichinjwe, alisema. Tukala wali na maharage. Jibu la posa lilitolewa huku yeye akimuuliza baba manyoya ya shingo huchukua muda gani kuota.

Siku ya kupelekwa kwa mume wangu, nilipiga magoti mlangoni mbele ya baba mkwe, katikati ya vigelegele. "Shikamoo baba," nikasema. Hakuitika. Alikuwa amenipita, ameinamia tenga alilobeba shangazi yangu, anapapasa shingo ya jogoo wetu mwekundu, ambayo manyoya yalikuwa yameshaota.