Mchoraji Aliyechinjwa Sparkhill

Hadi leo sijapona. Juzi nilimsindikiza jirani yangu, bibi wa Unguja, kwa Mwingereza muuza vitu vya zamani hapa mtaani kwetu Sparkhill, nimtafsirie. Alitaka fremu ya dhahabu ya kutilia Ayatul Kursi. Ndani ya ile aliyoipenda alikuwamo mzee wa Kizungu, ndevu tele, medali kifuani.

"Mchoraji wa Kifaransa, kajichora mwenyewe," muuzaji akasema. "Karne iliyopita matajiri wa Paris walimgombania awachore. Siku hizi watu wanataka mabango ya wanamuziki."

"Mwambie picha ya mtu mie situndiki," bibi akaninong'oneza. "Amtoe."

Nikatafsiri. Muuzaji akachomoa kisu, akaipasua picha kuzunguka fremu, kraa!

"Subhanallah!" Bibi akajishika kifua. "Nimesema amtoe, sikusema amchinje!"

Nje mvua ilinyesha. Muuzaji akaifunga fremu kwa turubai lile lile lililochorwa picha, uso wa mzee nje. "Halipitishi maji," akatuhakikishia.

Ndani ya basi, bibi alimtazama yule mzee alivyolowa, akashika ncha ya mtandio, akamfuta ndevu taratibu.

Medali alipewa Paris. Wa kumfuta mvua kampata Sparkhill, kwa mtu asiye na ukuta wa kumtundikia.