Siku Pikapu ya Baba Ilipopata Miguu ya Mbele

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mwenyewe kabla sijasemwa. Kazini kwangu Mtumba, masjala ninakotunza mafaili, wenzangu wanajua kunisalimia kwanza ndipo waombe faili. Kwa hiyo mama yangu aliponiambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayechambua mboga, kwamba haji kwenye sendofu ya mjukuu wake, sherehe ya kumuaga binti yangu kabla ya ndoa, nilisimama bila kujijua.

"Huji? Mama, huyu si ndiye uliyembeba mgongoni?"

"Ndiye. Lakini mmeweka masika. Kutembea siwezi, na pikipiki sipandi."

Haki alikuwa nayo. Mama anakaa milimani, mbele ya Kibakwe, juu ya kilima ambacho kiangazi hata baiskeli inakipanda. Ikinyesha, udongo wake unakuwa sabuni. Pikipiki ilimwangusha pale mwaka juzi akavunjika mkono. Nilipotaja kukodi gari, akanikumbusha dereva aliyemshusha chini ya kilima na gunia lake la maharage, akamwambia mwisho wa safari ni hapo.

"Gari la mtu lina mwenyewe," akasema. "La kwenu lipo, mmelifanya banda la kuku."

Hiyo ilikuwa pikapu ya marehemu baba. Aliinunua kabla sijaanza shule, akabebea vitunguu na maharage kutoka Kibakwe hadi stesheni ya Gulwe. Injini yake ngumu ajabu, ila ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kila masika ilikwama pale pale, chini ya kilima, na kila masika baba aliipiga mlango kofi akasema, "Mwakani nitaifikisha nyumbani, mama watoto." Basi mama alijitwika mzigo akapanda kwa miguu, akatua kwenye jiwe moja la katikati kupumzika, akajitwika tena. Baba alifariki ahadi haijatimia, na mimi nikaileta pikapu uani kwangu Dodoma, kuku wakajipangia.

Nikawafukuza kuku siku hiyo hiyo. Ilibaki miezi miwili.

Fundi wangu ni Mrangi wa Kondoa, mtu mzima, mwenye kofia nyeupe isiyoshika grisi, sijui anafanyaje. Mimi Mgogo. Kama wazee wetu walituachia utani au hawakutuachia, sijui. Sisi tulijiwekea wenyewe tangu alipotengeneza breki zangu. Nikitokea tu anaficha chai yake, anasema Wagogo wanasikia harufu ya sukari toka Mtumba. Mimi namwambia ajifunze kufunga nati kwanza.

Aliizunguka pikapu mara mbili, akachungulia chini.

"Mtani, hii haitaki dawa. Inataka miguu ya mbele."

Akanieleza. Ekseli ya mbele itolewe, iwekwe nyingine yenye difu, lile bonge la chuma linalogawa nguvu kwenye magurudumu. Halafu nyuma ya giaboksi iwekwe giaboksi ndogo ya pili, yenye mkono wake, ya kupeleka nguvu mbele ukitaka. Hiyo ndogo alikuwa nayo. Ekseli hakuwa nayo.

"Ukiipata, hakikisha difu iko upande wa kulia," akasema. "Ikiwa kushoto haikutani na shafti yangu."

Subira sikujaliwa. Jumamosi ile ile nikaenda Gulwe peke yangu, kwa mzee anayeuza vyuma chakavu. Alikuwa na magari mabovu mawili yaliyokaa juu ya mawe. Nikasimama mbele ya la kwanza, nikalitazama usoni, nikaiona difu mkono wangu wa kulia. Nikamwambia mzee nataka ya kulia, afungue hiyo. Akanitazama kidogo, akafungua. Nilirudi Dodoma nimekaa kwenye lori la mkaa karibu na ekseli yangu, naimba.

Fundi aliiona. Akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Sawa, dada," akasema.

Dada! Mtu ambaye hajawahi kuniita dada. Ningekuwa na akili ningeuliza hapo hapo.

Zikapita wiki za kukata na kuchomelea. Kazini walikuwa wakiniuliza kama mradi wangu utazinduliwa na waziri. Nilijibu kwamba utazinduliwa na mama yangu. Kila jioni nilipita gereji, fundi akanitukania viatu vyangu na namna ninavyorudisha gari nyuma, nami nikamtukania kofia, na kazi ikaenda.

Siku ya majaribio tukaitoa kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya gereji. Fundi akavuta ule mkono wa pili, akaachia klachi. Mungu wangu! Pikapu ilinguruma, ikatetemeka mwili mzima, haikwenda mbele wala nyuma. Ilichimba mchanga kwa miguu yote minne, mithili ya mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Majirani wakatoka kutazama.

Fundi akazima. Akainyanyua kwa jeki, akaikalisha juu ya magogo, akachora mstari wa chaki kwenye kila tairi, akaniambia niwashe nitie gia. Tairi za nyuma zikazunguka kwenda mbele. Za mbele zikazunguka kurudi nyuma.

"Nani kafanya hivi?" nikapiga kelele.

Akatazama chini. "Difu uliyoleta ilikuwa ya kushoto. Kulia kwa gari ni kulia kwa dereva aliyekaa ndani. Wewe ulisimama mbele yake. Sasa ili ikutane na shafti nikaipindua, chini ikawa juu. Sikuwaza kwamba ukiipindua itazunguka kinyume."

"Na mbona hukuniambia siku ile?"

"Niliona aibu kukurudisha Gulwe. Ulikuja na furaha mno."

Hapo ndipo nilipowaka. Wiki mbili tu zilikuwa zimebaki! Mtu huyu amenitukana kila siku iliyopambazuka, na siku moja ambayo nilistahili kutukanwa, ameamua kuwa muungwana.

"Wewe mtani gani?" nikamwambia. "Utani una kazi gani kama haumwambii mtu ukweli wake?"

Akanitazama. Akaona sitanii.

"Mgogo wewe," akasema taratibu, kwa adabu zote, "hata mkono wako wa kulia huujui."

"Ndiyo! Ulikuwa wapi siku zote?"

Tukaanza kucheka, na majirani wakacheka bila kujua wanacheka nini, mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Lakini nilikuwa naogopa. Binti yangu ndiye mjukuu wa kwanza, na nilimwona mama amekaa mlangoni kwake, sisi tunakata keki bila yeye.

Kesho yake alfajiri tukaenda Gulwe wote wawili. Mzee wa vyuma alikuwa ameshaifungua ekseli ya gari la pili, ameiegemeza ukutani.

"Nilijua mtarudi," akasema. "Huyu mama alikuwa na haraka, nikaona haya kumrekebisha."

 Niliwatazama wote wawili, waungwana hawa, nikatoa pesa.

Safari hii fundi alihesabu mizunguko ya chaki kwa sauti, mbele na nyuma, mpaka zikalingana. Siku mbili kabla ya sherehe tukaondoka kwenda Kibakwe, mvua ikinyesha tangu Mpwapwa. Fundi alikuja pia, eti anafuata maharage, lakini nilijua anaogopa kazi yake mwenyewe.

Chini ya kilima nikasimama pale pale pa baba. Nikavuta mkono wa pili. Pikapu iliteleza, ikayumba, halafu mbele ikashika, ikaanza kupanda polepole. Tulipolipita lile jiwe nilipiga vigelegele, fundi akasema "Alhamdulillahi" na kufumbua macho.

"Mbukwenyi," mama alitusalimu toka mlangoni, begi lake tayari miguuni. Akapokea shikamoo ya fundi, akaizunguka pikapu, akashika tope la tairi za mbele kwa vidole.  Akapanda, akajifunika khanga, tukashuka.

Tulipofika chini akasema, "Simama. Geuza gari."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau. Nirudishe nyumbani."

"Mama! Kesho kutwa ni sendofu, mvua hiyo, barabara hiyo..."

"Sendofu nakwenda. Kwanza nipandishe. Toka niolewe, masika sijawahi kufika kwangu nimekaa."

Mguu wangu ulibaki kwenye breki.

"Mgogo," fundi akasema, "geuza gari."

Nikageuza. Tulipolipita jiwe, mama aligeuza shingo akalitazama hadi lilipopotea. Mlangoni hakushuka. Alikaa, mikono mapajani, injini inanguruma, kwa muda ambao mimi kwa kawaida siuvumilii. Kisha akaupiga mlango wa pikapu kofi, vilevile alivyokuwa akiupiga baba.

"Haya, baba watoto," akasema. "Imefika."

Halafu akaniambia nijifute machozi nitazame njia, tunachelewa.