Mdadisi Aliyerudi Mlangoni Bila Mjumbe

Saa mbili asubuhi, mwanamke mwenye mkoba begani anabisha hodi, kisha anarudi nyuma kidogo ili mwenye nyumba amwone vyema dirishani. Ndiyo adabu ya kazi yake. Ni mdadisi: kwa niaba ya watafiti, huwauliza wakazi kama wanalala kwa amani.

"Karibu, binti wa maswali!" anacheka mzee fundi cherehani. "Leo pia huna mlinzi?"

"Mlinzi" ni mjumbe wa mtaa, aliyemsindikiza mwanzoni, mlango kwa mlango, kwa heshima. Heshima hiyo nusura iponze mtaa mzima.

Kwa utafiti huo, baraza la mji lilitaka kupima mpango wa vijana wenye makosa madogo: badala ya kufungwa, hutengeneza walichoharibu, chini ya uangalizi wa mafundi. Mbele ya mjumbe, kila mkazi aliapa: "Huku ni salama salimini. Wizi tunausikia redioni." Baraza likauliza: mtaa usio na wezi unahitaji mpango wa nini? Likajiandaa kuufuta.

"Nilijua si kweli," anasema mdadisi. "Naishi hukuhuku. Mlango wangu mwenyewe umewahi kuvunjwa."

Alipomwendea fundi, mzee hakumung'unya maneno. "Nani atamwambia mjumbe usoni kwamba mtaa wake unaibiwa? Njoo peke yako, binti."

Uongo wa adabu ni uongo. Aliwasihi wakuu wake wayatupe majibu yote; walipokubali, akaanza upya, peke yake, bila malipo ya ziada.

"Mume wangu aliniuliza, 'Hivi nilioa mke au nilioa mtaa?'" anasimulia, akicheka.

Safari hii ndimi zililegea. Watu walieleza jinsi walivyoibiwa, kisha wakaongeza kwamba wizi umepungua tangu vijana waanze kukarabati milango ileile waliyoivunja.

Jana baraza liliamua: mpango unaendelea. Mdadisi alipopata habari, aliketi kizingitini kwake, akavua viatu, akashusha pumzi ndefu.

"Basi leo umefuata nini?" fundi anauliza, mkono ukiwa juu ya bawaba mpya za mlango wake.

"Kushukuru, mzee."

Sasa anapanga kuwahoji vijana wenyewe. "Wamehukumiwa na wengi," anasema. "Sijui kama kuna aliyewauliza."

"Na mjumbe?" fundi anauliza.

"Naye nitamhoji. Kwake, peke yake."

Fundi anaangua kicheko. "Muulize ilikokwenda baiskeli yake."